Komiki ya The Boys: ununue au uachane nayo?

Kaka, umemaliza sirizi ya The Boys kwenye TV unataka komiki yenyewe, ila washkaji wako nusu wanasema ni kali nusu wanasema uchafu mtupu. Mi naona wote wako sawa bana. Garth Ennis aliyeiandika hana mapenzi kabisa na masupahiro na hafichi, cheki toleo la kwanza tu, Hughie, mhusika mkuu, kamshika demu wake mikono, A-Train, supahiro mwenye spidi, anapita mbio anambamiza ukutani, jamaa anabaki kashika mikono tu, mwili haupo. Hata WildStorm, wachapishaji walio chini ya kampuni ya komiki ya DC, waliitema baada ya matoleo 6, wachapishaji wengine, Dynamite, wakaichukua ikaenda mpaka 72, ikaisha 2012.

Wanaoiponda wanasema vile Starlight, supahiro wa kike ambaye jina lake halisi ni Annie, anavyodhalilishwa siku anaingia The Seven, kundi la masupahiro wakubwa, ni kutaka kushtua watu tu, na hapo niko nao. Ila Hughie na Annie wakikaa wawili wanapiga stori, aisee, pale Ennis anaandika kweli.

Usinunue zote kwa mkupuo. Chukua kitabu cha kwanza chenye matoleo 1 hadi 6, ukiona tumbo linachafuka ishia hapo hapo maana mbele inazidi. Na kama una wadogo hapo home usiiache sebuleni.