Kwotabeki aliyekosa drafti anaweza kuanza NFL?
Mkuu umeuliza kama kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi kwenye futiboli ya Marekani) ambaye timu zote zilimpita kwenye drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya) anaweza kweli kuanza NFL, ligi kuu ya mchezo huo, yaani awe chaguo la kwanza la timu, yupo bana, Kurt Warner. 1994 hakuna aliyemchukua, timu ya Green Bay wakamjaribu wakamwacha, akaishia kupanga bidhaa usiku kwenye rafu za supamaketi huko Iowa, akacheza ligi ya futiboli ya ukumbini, akaenda kucheza mpaka Amsterdam, Uholanzi. 1999 pale St. Louis Rams alikuwa wa akiba tu, kwotabeki namba moja Trent Green akaumia goti kabla ligi haijaanza, ndo akapewa timu. Tachidauni (kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) 41 za pasi, MVP yaani mchezaji bora wa ligi, na Supaboli, fainali ya NFL, wakaibeba 23-16 mbele ya timu ya Titans! Mi namheshimu sana aisee, goti la mwenzake lilifungua mlango tu, zile pasi alirusha mwenyewe.