Kabla hujavuta ile pini na pense (koleo), nisikie kwanza

Jana usiku kijana mmoja wa Himbi, mtaa wa hapa Goma, aliniandikia: "Mukubwa, pini imekwama ndani ya fishi ya kompyuta ya gari, nivute na pense?" Nikamujibu acha, usiguse, juu mimi hiyo pense ilinitoa machozi. Fishi ni kile kichwa cha plastiki kinaunganisha fili, yaani nyaya, na pini ni kile kichuma kidogo kwa mwisho wa kila fili.

Nilikuwa mwaka wa kwanza kwa garaji moja hapa Goma. Gari ya mteja ilikuwa inazimika kila ikiingia kwa barabara ya mawe, kwa lami inatembea vizuri kabisa. Patro, mwenye garaji, ametoka, nikafungua fishi, nikaona pini moja imerudi nyuma, mitetemo ya mawe ilikuwa imeisukuma polepole, nikafurahi sana, nikashika fili na pense nikavuta. Fili ikatoka peke yake, pini ikabaki ndani, mteja amesimama pale pale. Patro aliporudi aliniita mvunjaji mbele ya watu wote na akakata pesa yangu. Mpaka leo nikipita pale moyo unaruka. Sikuwa mvunjaji, hakuna mtu alikuwa amenionesha!

Pini inashikwa na ulimi mdogo, mara ulimi uko kwa pini yenyewe, mara ni wa plastiki ndani ya fishi. Na fishi nyingi ziko na kufuli ya pili, kaplastika ka rangi ingine, hako ndiko kanatangulia. Toa batri, piga picha ya rangi za fili, legeza kufuli. Halafu sukuma fili MBELE kidogo, ulimi upumue, ingiza chuma chembamba kwa upande wa mbele (mimi nilisaga waya wa mwavuli wa zamani mpaka ukawa bapa), bonyeza ulimi, vuta na vidole tu. Ikikataa, ulimi bado umeshika, rudia. Vijana wa leo munataka haraka, haraka njo inakata fili.

Juzi gari ya Noah ilikuja na ugonjwa uleule. Nilitoa pini nzima, nikainua ulimi wake kidogo, nikarudisha mpaka nikasikia tak, nikavuta fili polepole kuhakikisha, nikafunga kufuli. Mwenyewe ameizungusha kwa mawe siku mbili, haijazimika. Nilijisikia vizuri sana.

Yule kijana amenitumia picha saa hii, pini imetoka nzima, ila ulimi umelala kabisa. Nimemwambia auinue na ncha ya sindano kabla ya kurudisha, na asiingize sindano ile kwa mdomo wa pini, itaupanua ishindwe kushika. Anangoja kukuche, kwao moto wa umeme umekatika.