Filta ya infraredi imenipa picha nyekundu tupu: kamera imeharibika?

Swali: Fundi, shikamoo. Napiga picha za harusi na mahafali hapa Kisumu kwa Canon 1300D. Nimenunua filta ya infraredi ya nanomita 720, saizi ya 58mm, nipate zile picha za miti myeupe. Nikiifunga, kamera haioni kitu, lenzi inahangaika tu kutafuta fokasi. Nikilazimisha, natoka na picha nyekundu iliyofifia, na nikitumia lenzi ya 50mm kwa ringi ya kuunganishia, kuna doa la mwanga katikati. Jamaa mmoja anataka aifungue kamera atoe kioo cha ndani. Nikubali?

Jibu: Marahaba. Kamera yako ni nzima.

Macho yetu huishia kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 700, na unaozidi hapo ndio infraredi; lakini silikoni ya kihisi, kile kipande cha kamera kinachopokea picha, hupokea mwanga hadi karibu 1,100. Kwa kuwa mwanga huo wa ziada huharibu rangi za kawaida, watengenezaji huweka mbele ya kihisi kioo chembamba cha kuuzuia. Filta yako inakataa mwanga wa kawaida, kioo cha ndani kinakataa infraredi, na kinachopenya vyote viwili ni kidogo sana. Kidogo, lakini kipo. Usiku zima taa, elekeza rimoti ya TV kwenye lenzi bila filta, fungua shata sekunde kumi huku umebonyeza kitufe cha rimoti. Ile nukta itakayotokea ni infraredi.

Kwa hiyo unachohitaji ni muda. Weka kamera kwenye stendi, lenga bila filta, kisha hamisha swichi ya lenzi iwe MF, yaani fokasi ya mkono. Hapa ndipo wengi hupotezea fokasi: lenzi ya 18–55 inayouzwa na 1300D huzunguka mdomo wake inapolenga, kwa hiyo ukikaza filta unaizungusha fokasi pamoja nayo. Shika ringi ya mbele kwa vidole vya mkono mmoja, kaza kwa mwingine, taratibu. Anza na tundu la lenzi la f/8, wepesi wa kihisi wa ISO 800, sekunde 30, kwa jua kali. Infraredi hulenga mahali tofauti kidogo na mwanga wa kawaida, na f/8 huficha tofauti hiyo. Ziba pia kitundu cha kutazamia, kwani mwanga huingilia nyuma katika sekunde zote hizo. Kile kipande cha mpira kwenye mkanda wa Canon, ambacho wateja wangu huuliza ni cha nini, kazi yake ndiyo hiyo. Na usilichungulie jua kupitia filta hii: kwa jicho ni nyeusi, lakini infraredi inapita.

Wekundu ni wa kawaida. Vijichujio vyekundu vya kihisi ndivyo vinavyopitisha sehemu kubwa ya mwanga huo. Piga majani mabichi ya nyasi ukiwa na filta, uitumie picha hiyo kuweka mizani ya nyeupe (kipimo cha kamera cha kusawazisha rangi) ya kwako mwenyewe, na upige RAW, yaani faili ghafi. Fungua faili kwa Digital Photo Professional, programu ya bure ya Canon, maana programu nyingine hushindwa kushusha mizani kiasi hicho. Ukitaka anga la buluu, badilishanisha chaneli nyekundu na ya buluu kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha.

Doa ni la lenzi. Mwanga unarudiana kati ya vioo ambavyo havikupakwa kwa ajili ya infraredi, na Canon EF 50mm f/1.8 II inajulikana kwa hilo. Ukibana tundu, doa hukolea. Rudi kwenye 18–55.

Huku Nakuru nina migunga ya kandokando ya ziwa, lakini nakuonea wivu kwa magugumaji ya Ziwa Victoria, na sidhani kuna mwingine Kenya nzima anayeyaonea wivu. Majani mabichi hurudisha infraredi kwa wingi, maji huimeza. Nenda Dunga, ufuoni hapo Kisumu: magugu yatatoka meupe pe juu ya ziwa jeusi. Setilaiti za Landsat hutumia tofauti hiyohiyo kuonyesha mimea kutoka angani. Nenda katikati ya asubuhi, jua likishapanda. Alasiri upepo wa ziwa huyasukuma, na kwa sekunde 30 yatakuwa uji.

Kuhusu kufungua: kamera inayokulisha, hapana. Kioo kikitolewa utapiga infraredi mkononi bila stendi, ila gauni la bibi harusi halitakuwa na rangi yake tena mpaka ununue filta nyingine ya kurudisha hali. Fokasi nayo itahitaji kurekebishwa upya. Na kapasita ya flashi iliyojengwa ndani hubeba takriban volti 300 hata betri ikiwa imetolewa. Kama uchu haujaisha, tafuta bodi ya kamera kuukuu. Nikon D70 ya mwaka 2004, kwa mfano, kioo chake cha ndani ni dhaifu, na inapiga infraredi vizuri bila kufunguliwa kabisa.