Udongo wa mfinyanzi wa chini: umeletwa na barafu au umeshushwa na maji?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Natoka Mbeya, nasoma sayansi ya udongo hapa Indiana, Marekani. Tulichimba shimo kwenye moreni, yaani ardhi iliyojengwa na kifusi cha barafu ya kale, katika shamba la mahindi lenye mteremko mdogo. Sentimita 0 hadi 22 ni tabaka lililolimwa, mfinyanzi asilimia 17. Kutoka 22 hadi 38 mfinyanzi ni asilimia 26, na kutoka 38 hadi 75 ni asilimia 30. Changarawe inaanza kuonekana kwenye 38. Mabaka ya kijivu yanaanza 80, na tindikali inatoa povu, dalili ya chokaa, kuanzia 85. Ukifika mita moja, sululu inagonga kama sakafu. Niliandika: "Udongo tifutifu wa moreni, Luvisoli, kwa sababu mfinyanzi umeongezeka karibu mara 1.8." Nimerudishiwa kazi nirekebishe. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Jina la Luvisoli, yaani udongo ambao maji yameshusha mfinyanzi hadi tabaka la chini, huenda likasimama. Kilichoanguka ni hoja uliyolisimamishia.

Umechukua asilimia 30 ukagawa kwa 17, kana kwamba tabaka zote mbili zimetoka kwenye nyenzo mama moja, yaani malighafi moja iliyozaa udongo. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba changarawe inaanzia sentimita 38. Juu ya hapo hakuna jiwe. Katikati ya Indiana hali hiyo ni ya kawaida sana: barafu kuu iliporudi nyuma iliacha kifusi kilichochanganyika kila kitu, kuanzia mfinyanzi hadi mawe makubwa, kisha upepo ukamwaga juu yake lesi, yaani vumbi laini lisilo na mawe. Kwa hiyo shimo lako lina nyenzo mbili, na mpaka wake uko kwenye 38 au jirani. Sehemu ya mfinyanzi uliouona chini ilikuwamo ndani ya kifusi tangu siku barafu ilipokitua.

Kanuni ya uwiano ina sharti. Mfumo wa Marekani wa kuainisha udongo unataka tabaka la chini liwe na mfinyanzi angalau mara 1.2 ya lile la juu, iwapo la juu lina asilimia 15 hadi 40. Mfumo wa kimataifa wa WRB unataka mara 1.4, iwapo la juu lina asilimia 10 hadi 50. Yote miwili inataka kwanza pasiwe na badiliko la nyenzo kati ya tabaka hizo. Na kwako kuna jambo la pili: tabaka lililolimwa limekaa moja kwa moja juu ya lile lenye mfinyanzi. Huenda plau imekwangua kichwa cha tabaka la chini na kukichanganya na la juu, hivyo hiyo asilimia 17 yenyewe si ya kuaminika sana.

Ushahidi unaotakiwa ni utando wa mfinyanzi. Rudi shimoni udongo ukiwa na unyevu kidogo. Usikate kwa kisu, maana kisu hulainisha uso na kukudanganya. Banja bonge kwa vidole liachie penyewe kwenye nyufa zake za asili, kisha litazame kwa lenzi ya mkono. Utando wa kweli ni kama ngozi: una mng'ao wa nta, mara nyingi rangi yake imekolea kuliko ya ndani ya bonge, unafunika chembe za mchanga zisionekane, na unaingia hadi ndani ya vitundu vya mizizi ya zamani. Hapo kwenye vitundu ndipo ninapopaamini zaidi, kwa sababu uso wa nje wa bonge unaweza kung'aa kwa kusuguana tu udongo unapovimba na kunywea. Andika utando umefunika asilimia ngapi ya nyuso, na uko wapi: kwenye nyuso za wima, kwenye vitundu, au chini ya mawe.

Kipimo chako cha tindikali kina thamani kubwa kuliko ulivyokichukulia. Kalsiamu hushikamanisha chembe za mfinyanzi. Chokaa ikiwa bado imejaa, maji hayawezi kuzibeba. Ni lazima mvua iioshe chokaa kwanza, ndipo mfinyanzi uanze kusafiri. Kwako povu linaanza 85, chini kidogo ya mwisho wa tabaka la mfinyanzi. Mpangilio huo unaendana na mfinyanzi ulioshushwa na maji. Peke yake hautoshi, ila ukiuweka pamoja na utando, hoja inakaza.

Sasa maandishi. Moreni ni umbo la ardhi na kifusi cha barafu ni nyenzo, lakini tifutifu ni uwiano wa mchanga, silti (chembe za kati) na mfinyanzi. Usivibane vitatu hivyo katika neno moja. Alama za tabaka ziwe Ap (lililolimwa), Bt1 na 2Bt2 (yenye mfinyanzi ulioshuka), 2BC (la mpito) na 2Cd (nyenzo mama). Ile 2 inamwambia msomaji kwamba nyenzo imebadilika, na d kwamba kifusi kimegandamizwa na uzito wa barafu hadi mizizi haipenyi ila kwenye nyufa. Hiyo ndiyo sakafu yako. Taja kiasi cha mawe kwa ujazo na aina yake: huko kwenu mawe ya chokaa huchanganyika na matale yaliyokokotwa kutoka Kanada. Rangi ipimwe kwa kitabu cha Munsell udongo ukiwa na unyevu.

Kwa mfano: "2Bt2, 38–75 sm, kahawia ya kimanjano iliyokolea 10YR 4/4, tifutifu ya mfinyanzi, mabonge ya wastani yenye kona, utando wa mfinyanzi kwenye nyuso nyingi za wima na ndani ya vitundu, changarawe asilimia 5, haitoi povu." Tarakimu za rangi na mawe weka zako.

Utando ukithibitika, katika mfumo wa Marekani utafika Hapludalfu, kundi la udongo wa maeneo yenye mvua ulio na tabaka la mfinyanzi ulioshuka. Sentimita 50 za juu za Bt zina wastani wa mfinyanzi karibu asilimia 29, na hilo linakuweka kwenye kundi la tifutifu laini, mradi mchanga ulio mkubwa kuliko milimita 0.1, pamoja na changarawe, ufike asilimia 15. Hakikisha, maana lesi inaweza kuushusha. Linganisha na mfululizo (aina ya udongo yenye jina lake) wa Miami, udongo uliochaguliwa kuliwakilisha jimbo la Indiana. Huo huwekwa katika kundi dogo la Oksiakwiki, kwa sababu maji husimama kwa muda juu ya kifusi kigumu. Mabaka yako ya 80 yanaashiria jambo hilohilo. Kwenye WRB itabaki Luvisoli, ila subiri maabara ikupe uwezo wa mfinyanzi kushika virutubisho na kiwango cha besi. Utando usipoonekana, fikiria Kambisoli, yaani udongo uliobadilika kiasi tu bila mfinyanzi ulioshushwa.

Na kabla ya kujaza fomu, toboa mashimo matatu kwa kekee ya udongo, hatua kumi kumi kutoka hapo. Kwenye moreni unaweza kukuta mfuko wa mchanga mtupu pembeni mwa mfinyanzi. Siku ukirudi Afrika Mashariki ukapanda Bonde la Teleki, Mlima Kenya, fanya vivyo hivyo, ila chupa ya tindikali haitakusaidia: moreni za kule zimetokana na miamba ya volkeno, si mawe ya chokaa, na itabidi utegemee lenzi na macho yako.