Kabla hujagusa ramani ya injini: kwa anayeanza kuongeza nguvu magari ya kifahari

Mteja huulizia farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini. Gari lake limetoka kiwandani na 476, anataka 550. Wewe unayeanza kazi hii fikiria toki kwanza, yaani ule msukumo unaozungusha kranki, kwa sababu toki ndiyo inayopinda konrodi na kuunguza klachi za giaboksi. Uhusiano wa vitu hivi viwili ni hesabu fupi: zidisha toki (kwa nyutonimita, Nm) kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Nm 750 kwenye mizunguko 2,000 ni kilowati 157 tu. Nm 600 kwenye mizunguko 5,500 ni kilowati 346, karibu farasi 470. Zisome tena namba hizo. Mzigo mkubwa zaidi kwa vyuma umeleta nguvu ndogo zaidi.

Ndiyo maana nikifungua faili la fundi mgeni natazama kwanza ramani, yaani majedwali ya namba ambayo kompyuta ya injini huyafuata, kwenye sehemu yake ya mizunguko michache. Mara nyingi presha ya turbo imepandishwa kuanzia mizunguko 1,500, kwa sababu hapo ndipo mteja anapohisi kusukumwa mgongoni. Kwenye injini ya petroli yenye turbo na nozeli zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, hilo ndilo eneo la hatari kuliko yote. Presha kubwa kwenye mizunguko michache huweza kuwasha mchanganyiko kabla plagi haijatoa cheche, na pigo moja la namna hiyo linatosha kumega sehemu ya pistoni inayoshika ringi. Acha toki ipande taratibu hadi karibu mizunguko 2,500 au 3,000, halafu ishikilie hadi juu. Gari litakimbia zaidi, na injini itadumu.

Jambo la pili ni kuelewa jinsi kompyuta ya injini inavyofikiri. Kompyuta za kisasa, kama Bosch MED17 na MG1 iliyofuata, hazichukulii kanyagio kuwa amri ya kufungua hewa. Kanyagio ni ombi la toki. Ombi hilo hupita kwenye vikomo vingi: cha injini, cha giaboksi, cha joto la hewa, cha joto la ekzosi, na kile kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachoshinda. Baada ya hapo ndipo toki inapogeuzwa kuwa kiasi cha hewa, presha ya turbo, mafuta na muda wa cheche. Anayeanza hupandisha ramani ya presha, gari halibadiliki, naye kwa hasira anajaza namba kubwa kabisa kwenye kila kikomo anachokikuta. Tafadhali usifanye hivyo. Tafuta ni kikomo gani kilichokuzuia, jiulize kiliwekwa kwa nini, kisha kisogeze kwa kiasi unachohitaji tu.

Kuna hila nyingine mbaya zaidi: kuidanganya hesabu ya toki ili kompyuta iamini injini inatoa kidogo kuliko inavyotoa. Ombi linapita, taa haiwaki, kila mtu anafurahi. Lakini giaboksi hupanga presha ya mafuta ya klachi zake kwa kufuata taarifa hiyo hiyo. Ikiambiwa Nm 500 wakati zinazokuja ni 650, itazibana klachi kwa nguvu ya 500, nazo zitateleza na kuungua. Giaboksi za ZF za gia nane, zilizoanza kwenye BMW 7 Series mwaka 2009, zina mzigo wao kwenye jina: 8HP45 ni ya takribani Nm 450, na 8HP70 ni ya takribani 700. Zina akiba kiasi, ila ijue iliyo chini ya gari kabla hujaahidi chochote.

Watu watakuambia kiwanda huficha nguvu kwa ajili ya biashara tu. Ni kweli kwa sehemu. Mercedes-AMG walitumia injini moja ya M177, lita 4.0 na turbo mbili, kwenye C63 ya farasi 476 na C63 S ya farasi 510. Tazama basi nini kingine kilibadilika: S ilipewa difu inayofungwa kielektroniki na vishikio vya injini vinavyobadili ugumu wake. Walipoongeza toki kutoka Nm 650 hadi 700, walitazama gari zima. Nawe litazame zima.

Gari bovu haliongezwi nguvu. Soma hitilafu, kagua plagi na koili, tazama kompyuta inarekebisha mafuta kwa asilimia ngapi. Kama tayari inaongeza asilimia 10 au zaidi, kuna hewa inayovuja au pampu inayochoka, na ramani yako italifanya tatizo hilo kuwa kubwa. Mwambie mteja atengeneze kwanza. Baadhi yao wataondoka, waache waende.

Kisha rekodi. Gari likiwa bado na faili la kiwandani, kwenye dainamomita (mashine ya kupima nguvu ya gari) au uwanja uliofungwa, rekodi presha iliyoombwa na iliyopatikana, lambda (uwiano wa hewa na mafuta), joto la hewa inayoingia, presha ya reli ya mafuta, na kiasi ambacho cheche inarudishwa nyuma, yaani kucheleweshwa, kwa kila silinda. Rudia baada ya kila badiliko, na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Cheche ya silinda moja ikirudishwa nyuma kuliko nyingine, silinda hiyo inagonga, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo, nawe punguza hata kama mashine inaonyesha farasi wa kupendeza. Tengeneza ramani kwa petroli ambayo mteja atainunua kila siku. Ramani ya oktani 98 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kugonga) kwenye gari linalonyweshwa 95 inaishi kwa huruma ya sensa za kugonga.

Angalizo kwa wanaohama kati ya petroli na dizeli: kwenye petroli, kuongeza mafuta kupita kiwango cha kawaida hupoza chumba cha mwako. Kwenye dizeli, mafuta zaidi kwa hewa ile ile huongeza joto na moshi, na turbo ndiyo inayolipa.

Kuhusu kuondoa kichujio cha masizi au katalisti kwa programu, mimi sifanyi. Sheria za Marekani na Umoja wa Ulaya zinakataza, na kashfa ya Volkswagen ya 2015, iliyogusa magari takribani milioni 11, ilitokana na programu ndani ya kompyuta ya injini. Mweleze pia mteja kwamba kompyuta nyingi huhesabu mara zilizoandikwa upya, hivyo waranti inaweza kuisha siku hiyo hiyo.

Unapoandika faili, unga betri na chaja imara inayoshikilia volti bila kuyumba. Umeme ukikatika katikati, kompyuta inaweza kufa. Soma faili la asili kabla ya yote, lihifadhi mahali pawili, na nakala moja mpe mteja pamoja na grafu za kabla na baada, namba ya toleo la programu, na oktani uliyoitumia kupima. Fundi atakayelipokea gari hilo baadaye atahitaji vyote hivyo.