Sato wanakufa joto likipanda: kabla ya kichocheo cha kinga, kagua chakula chenyewe

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyotangulia. Umesema sato wako wanakufa mmoja mmoja kila maji yanapopata joto, wengine macho yamewatoka na wanaogelea kwa kuzunguka. Umesoma tafiti zinazosema hamira, vitunguu saumu na vitamini C huongeza kinga, na unataka kujua uanze na kipi.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye matangi ya majaribio ya chakula cha samaki. Kazi ni kulisha, kupima damu, kuambukiza kwa makusudi, kisha kuhesabu waliobaki hai. Jibu langu ni kwamba kichocheo cha kinga husaidia kikiongezwa kwenye chakula kilichokamilika na ambacho hakijaharibika. Ukikichanganya kwenye chakula kilichochacha hupati kitu. Nitaeleza sababu, kwa kuwa ukizijua utaweza kupima mwenyewe kila tangazo na kila utafiti utakaoletewa.

Samaki hawa hawana uboho wala tezi za limfu kama tulizonazo sisi. Seli zao za kinga hutengenezwa zaidi kwenye figo la mbele, lile lililo nyuma ya kichwa, zikisaidiana na bandama na tezi ya thaimasi. Wana kingamwili, yaani protini zinazokamata kijidudu maalumu, ila huchukua wiki kadhaa kufikia kiwango cha kutosha, na maji yakiwa ya baridi huchelewa zaidi. Ndiyo maana kazi kubwa ya kila siku inafanywa na kinga ya asili: ute wa ngozi na matamvua, lisozaimu inayovunja kuta za bakteria, na makrofaji, seli zinazomeza vijidudu. Mwaka 2010 watafiti wa trauti, samaki wa maji baridi, walionyesha kwamba kingamwili iitwayo IgT ndiyo inayolinda utumbo. Hapo ndipo lishe inapoingia, kwa sababu utumbo ni mpaka unaoguswa na chakula kila mlo, na ukivimba unaacha mlango wazi.

Tuanze na vitamini C, maana umeitaja. Samaki wengi wenye mifupa, sato na kambale wakiwemo, hawawezi kujitengenezea. Hawana kimeng'enya cha hatua ya mwisho. Lazima ije na chakula. Ikipungua, vidonda haviponi vizuri, na kwa wachanga uti wa mgongo hupinda kushoto na kulia au juu na chini. Ukiona vifaranga wengi waliopinda hivyo, chakula ni cha kwanza kushukiwa. Sasa tatizo lake: vitamini C ya kawaida ni dhaifu. Joto la mashine ya kutengeneza punje huiharibu kwa sehemu kubwa, na iliyobaki huendelea kupotea chakula kikikaa ghalani. Watengenezaji makini hutumia ile iliyofungwa na fosfati, ambayo hustahimili. Kwa hiyo soma lebo ya mfuko. Ikisema tu "vitamini C" bila kutaja aina, na mfuko umekaa miezi mingi, chukulia kwamba iliyomo ni kidogo.

Vitamini E na seleniamu hufanya kazi pamoja. Makrofaji anapomeza bakteria humwagia kemikali kali za oksijeni ili amuue, na kemikali hizo humuunguza hata yeye asipokuwa na kinga ya kuta zake. Kinga hiyo ni vitamini E kwenye utando wa seli, na kimeng'enya kinachohitaji seleniamu. Chakula chenye mafuta yaliyochacha hula vitamini E kabla hata samaki hajaila. Hili huwaumiza wafugaji wengi kimyakimya: mfuko unasema protini asilimia fulani, samaki wanakula, wanakua kiasi, halafu joto linapanda na vifo vinaanza. Lakini usikimbilie kumwaga seleniamu. Trauti huhitaji chini ya nusu miligramu kwa kilo ya chakula, na miligramu 13 tu kwa kilo imeshaonekana kuwa sumu kwao. Nafasi ni finyu sana kwa mtu anayepimia kijiko.

Nikiitwa bwawani kwa vifo vya namna hii, naanzia ghalani kabla sijaangalia maji. Nafungua mfuko unaotumika, naingiza mkono hadi katikati, natoa gao la punje na kulivunja. Chakula kizuri kinavunjika kikavu na kunukia samaki au nafaka. Kilichochacha kina harufu kali inayokwaruza koo, na punje huacha utelezi vidoleni. Kisha naangalia chini ya mfuko, upande uliogusa sakafu au ukuta, maana unyevu hupandia hapo. Punje zilizoshikana madonge, zenye vumbi la kijani au la kijivu, zina kuvu. Mfuko wa namna hiyo sipepeti ili kuokoa nusu yake. Unatupwa wote.

Kuhusu kuvu, naomba tusilichukulie jambo hili kirahisi. Mwaka 1960 na iliyofuata, trauti wa vituo vya kuzalishia huko Marekani walikutwa kwa wingi na saratani ya ini, na uchunguzi ukaishia kwenye sumukuvu ya aflatoksini iliyokuwa ndani ya mashudu ya pamba. Trauti ni mwepesi mno wa kudhurika; sato na kambale huvumilia zaidi. Lakini kuvumilia maana yake ni kwamba hafi haraka. Ini linaendelea kuumia, na kinga inashuka. Kupika au kukausha chakula upya hakuiondoi sumu hiyo. Anayejitengenezea chakula kwa mashudu ya pamba, karanga au mahindi, kinga yake ya kwanza ni kununua malighafi kavu na kuihifadhi juu ya mbao, mbali na ukuta.

Soya nayo imejadiliwa huku juu kwa hasira, wengine wakisema inaumiza utumbo wa samaki na wengine wakiitetea. Wote mna ukweli kiasi. Kwa samoni, unga wa soya mwingi huvimbisha sehemu ya nyuma ya utumbo. Hilo lilielezwa vizuri miaka ya 1990, na saponini, kemikali ya asili iliyomo kwenye soya, ni miongoni mwa wanaoshukiwa zaidi. Sato hula zaidi mimea na huistahimili soya vizuri, mradi iwe imepikwa inavyotakiwa ili vile vizuizi vya umeng'enyaji viharibiwe. Kinachobaki ni faiteti, ambayo hushika zinki na fosforasi zisitumike. Zinki ikipungua, kinga hupungua na mapezi huchakaa. Kwa hiyo chakula cha mimea kinahitaji madini zaidi ya yale yanayoonekana kutosha kwenye karatasi, au kimeng'enya cha faitesi kinachovunja hiyo faiteti.

Sasa hamira. Kinachotafutwa ndani yake ni betaglukani, sukari ndefu iliyoko kwenye ukuta wa seli. Makrofaji wana vipokezi vinavyoitambua kama dalili ya kuvu, kwa hiyo wanaamka kabla adui hajafika. Mwaka 1990 watafiti wa Norwei walionyesha kwamba samoni waliodungwa glukani ya hamira walistahimili magonjwa ya bakteria vizuri zaidi, na tangu hapo majaribio yamefanyika kwa samaki wa kila aina. Ninaamini inafanya kazi, nimeona tofauti kwenye matangi. Lakini hamira ya mikate ukiinyunyiza nzima, glukani yake imefunikwa na tabaka la nje la protini na sukari nyingine, kwa hiyo usitegemee matokeo ya ile iliyosafishwa. Halafu kuilisha mfululizo bila kikomo si vizuri. Tafiti kadhaa zimeona faida ikififia au kinga ikichoka. Mpangilio ninaoupendelea ni kuitoa kwa wiki chache, ukiikamilisha kabla ya kipindi unachokijua kuwa kigumu: kabla ya joto kupanda, kabla ya kuhamisha vifaranga, kabla ya kupanga kwa ukubwa. Kinga inaamshwa kabla ya vita. Ugonjwa ukishaingia umechelewa.

Vitunguu saumu vina alisini, kemikali inayozuia bakteria, ambayo hutokea kitunguu kinapopondwa na huharibiwa na joto. Kwa hiyo ponda, changanya na mafuta kidogo, paka kwenye punje zilizokwisha tengenezwa, lisha mapema. Majaribio ya sato yapo mengi na mengi yana matokeo mazuri, ila dozi zinatofautiana kupita kiasi, na hapo ndipo ninapokuomba usome tafiti kwa jicho kali.

Uliza kwanza walipima nini. Utafiti ukisema lisozaimu imepanda, hiyo peke yake haitoshi kuitwa kinga bora. Lisozaimu hupanda hata samaki akipata mshtuko wa muda mfupi. Tafuta kama waliambukizwa ugonjwa halisi na wangapi walipona wakilinganishwa na kundi lisilopewa kitu. Angalia pia idadi ya matangi. Samaki hamsini kwenye tangi moja ni kipimo kimoja, kwa kuwa wanashiriki maji mamoja. Tangi moja la dawa dhidi ya tangi moja lisilo na dawa halithibitishi lolote, hata wangekuwa samaki elfu. Kisha angalia njia ya kuambukiza. Wengi hudunga bakteria tumboni kwa sindano kwa sababu ni rahisi kupima dozi, lakini sindano inaruka ute na utumbo, ambavyo ndivyo chakula huviimarisha zaidi. Maambukizi ya kuogeshwa au ya kuchanganywa na wagonjwa yanafanana zaidi na bwawa lako. Na angalia chakula cha kundi la kulinganishia. Kama kilikuwa pungufu wa vitamini tangu mwanzo, nyongeza yoyote itaonekana muujiza.

Mtu mmoja hapo juu amesema Norwei waliacha antibiotiki kwa sababu ya vichocheo vya chakula. Hapana. Matumizi yao yalikuwa takriban tani 48 mwaka 1987, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa chini ya tani moja huku uzalishaji ukipanda. Kazi kubwa ilifanywa na chanjo pamoja na usimamizi bora wa vizimba. Lishe humfanya samaki aitikie chanjo vizuri, lakini haichukui nafasi yake. Na kwa virusi vya sato vilivyoripotiwa mwaka 2014, TiLV, hakuna chakula kinachotibu.

Turudi kwako. Macho kutoka na kuogelea kwa kuzunguka katika maji ya joto ni dalili zinazonifanya nishuku bakteria wa streptokoka kwanza, ingawa dalili peke yake hazithibitishi. Hatua ya leo ni kupunguza chakula, au kusimamisha kwa siku chache. Najua inauma kuona samaki hawalishwi, na wengine watakwambia uwatie nguvu. Lakini samaki akila, hitaji lake la oksijeni hupanda kwa saa kadhaa, na amonia hufuata. Maji ya nyuzi 20 yaliyojaa oksijeni hubeba kama miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Mgonjwa anakosa hewa wakati huohuo unapomwongezea kazi, na homoni ya msongo inashusha kinga yake zaidi. Siku chache za njaa samaki mzima anazimudu vizuri. Wiki nyingi ndizo zinazomdhoofisha. Waliokufa watolewe kila asubuhi na jioni, maana wenzao huwadonoa.

Usianze antibiotiki kwa kukisia. Chukua samaki wawili au watatu walio hai lakini wanaonyesha dalili, uwafikishe kwa mtaalamu wa magonjwa ya samaki wakiwa hai au kwenye barafu ndani ya saa chache, atoe sampuli ya ubongo, figo na bandama. Aliyeelea tangu usiku ameshajaa bakteria wa kuoza, majibu yake yatawapotosha wewe na mtaalamu.

Ukirudi hapa, tuandikie oksijeni ya alfajiri, joto la maji mchana, tarehe ya kutengenezwa kwa chakula, na picha ya ini la mmoja aliyepasuliwa akiwa bado hajaharibika. Rangi ya ini na mafuta yaliyolizunguka vitaniambia mengi kuhusu chakula hicho, na nitakujibu humu humu kwenye uzi ili wengine nao wafuatilie.