Dada, usigawe hizo fotokopi kabla hawajaandika

Dada, simama hapo hapo. Umesema kwenye ujumbe wako kwamba wanafunzi wako wa uandishi, mwaka wa kwanza chuoni, watatumia wiki tano wakisoma insha na hadithi fupi maarufu, mzijadili darasani, na wiki ya sita ndipo waandike za kwao "kwa kufuata mfano". Usifanye hivyo. Mengine uliyouliza nitayafikia, pengine, lakini hizo wiki tano zimefanya chai yangu ipoe.

Nimefundisha uandishi wa Kiingereza hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye taasisi nisiyoitaja kwa sababu bado nina deni kantini kwao. Mpango wako niliwahi kuwa nao. Hata George Orwell wako, yule mwandishi Mwingereza, ndiye Orwell wangu, ile insha ya mwaka 1936 ya polisi Mwingereza anayempiga risasi tembo huko Burma. Nikaongeza Binyavanga Wainaina wa Kenya, ile dhihaka yake iliyotoka katika jarida la Granta mwaka 2005, inayomwelekeza mtu namna ya kuiandika Afrika. Nikaongeza na hadithi ya Mmarekani Shirley Jackson kuhusu kijiji kinachopiga kura ya bahati nasibu, ya jarida la The New Yorker, 1948. Nikapeleka vyote kwa mtu wa fotokopi pale Nyawera, nikafunga silabusi, yaani kitabu cha kozi, ambayo ukimrushia mbuzi anaanguka. Wengi hawakuwa na pesa ya kuinunua, basi nakala zao nikalipa mwenyewe. Mke wangu hajui ni dola ngapi, na nyinyi mnaomfahamu nyamazeni.

Vipindi vilikuwa vitamu, siwezi kukataa. Walibishana mpaka asistenti, mwalimu msaidizi wa chumba cha pili, akaja kugonga ukuta. Nilikuwa natoka odituari, ukumbi wa mihadhara, najiona profesa kamili.

Kazi zikaja. Tembo! Tembo wa Walungu, tembo wa Kabare, tembo aliyevuka mto Ruzizi, mpakani, bila hati. Kijana mmoja wa Bagira, kichwa chepesi kabisa, alianza hivi: "Nilipokuwa afisa wa polisi huko Moulmein, watu wengi walinichukia." Moulmein ni Burma ya Orwell; huyo hata Uvira, hapa mkoani kwetu, hajafika.

Waliomchagua Wainaina ndio walionimaliza, maana walimtii. Mwandishi anadhihaki, anasema kwenye kichwa weka neno Afrika, au giza, au safari, na jua la kuzama lisikose, liwe kubwa na jekundu. Wakaliweka. Mtoto aliyezaliwa Kadutu, anayepanda ngazi za Kadutu kila siku, alinieleza Kadutu kama mtalii aliyeshushwa na helikopta. Waliobaki walikimbilia ile dizertasyo, insha ya egzeta (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari), waliyokaririshwa shuleni: "Tangu mwanadamu aumbwe...", kisha utangulizi, mwili, hitimisho, na ndani yake hakuna mtu hata mmoja anayefanya kitu chochote.

Nikawapa alama za chini kwa kunakili. Binti mmoja akanifuata koridoni na karatasi yake, akauliza kwa adabu zote: "Mwalimu, si ulisema tufuate mfano?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia arudi Alhamisi. Alhamisi nikaugua, ugonjwa wa ghafla. Kwenye deliberasyo, kikao cha kupitisha matokeo, wengi walibaki na kozi yangu, yaani mwaka uliofuata walirudi kukaa mbele yangu na ile silabusi ileile mkononi, wananitazama. Fotokopi nimeshazisamehe. Yale macho bado.

Na nani alinipeleka huko? Mgeni mmoja wa semina, alikuja na projekta yake akalala hoteli ya ziwani. "Wape maandishi mazuri, kuandika kutakuja kwenyewe." Kutakuja na ndege gani, baba? Jioni, bia ya pili, ndipo akaniambia kwamba kwao darasa lake linatosha kwenye meza moja, na yeye humwita kila mwanafunzi ofisini peke yake kupitia rasimu. Kwa nini hakuanza na hilo asubuhi, mbele ya projekta? Mimi benchi la watu watatu linakaliwa na watano, wa sita yuko dirishani. Mwingine aliyenipeleka huko ni shefu wa travo wetu, mhadhiri aliye juu ya asistenti, aliyeniambia silabusi nene ndiyo heshima ya mwalimu. Silabusi yake mwenyewe ni ya enzi za Mobutu, amebadilisha jalada tu.

Sasa sikiliza: waandike kwanza. Kabla hujataja jina la Orwell, kabla hawajaona hata kichwa cha insha. Wape swali ambalo Orwell alikuwa analijibu: andika siku uliyofanya jambo usilolitaka kwa sababu watu walikuwa wanakutazama. Nusu ukurasa, kwa mkono, hapo hapo darasani.

Watakukodolea macho mwanzoni. Darasa lililofuata, nilipojaribu hivyo, msichana mmoja aliandika kwamba shinikizo la rika ni tatizo kubwa katika jamii, akaweka nukta, akafunga kalamu. Nikakaa pembeni yake nikamuuliza kwa Kiswahili: lakini wewe, ilikuwaje? Akanieleza. Mama yake anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Kadutu. Siku moja yuko pale naye, wasichana wa shule yake wakatokea. Yeye akazunguka meza, akasimama upande wa wateja, akauliza bei. Na mama yake akamtajia bei.

Nikamwambia andika hilo, usiongeze kitu. Akaandika, ila sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa inasema alimwonea mama yake haya. Baadaye ndipo nikagawa Orwell, na ni yeye, si mimi, aliyeona kwamba yule polisi anaiweka sababu yake halisi wazi kabisa kwenye sentensi ya mwisho, pale anapojiuliza kama wenzake walitambua kwamba alipiga risasi ili tu asionekane mjinga. Hakuinua mkono. Alichukua karatasi yake, akafuta sentensi ya kwanza, akaenda kuiandika chini. Muhula wa tembo nilikuwa nimelihubiri jambo hilo ubaoni kwa chaki za rangi, hakuna aliyelishika, maana hakuna aliyekuwa na sentensi yake ya kuhamisha.

Wainaina wape baada ya kuelezea mtaa wao wenyewe kwa dhati. Watajiona ndani na kucheka. Jackson baada ya kuandika desturi ya nyumbani ambayo hakuna anayeuliza sababu yake.

Uliuliza pia jinsi ya kusahihisha makaratasi mengi peke yako, na kitu kingine kuhusu alama, nadhani. Hilo ni refu na betri ya simu inakwisha. Ila ukifika kwa Orwell, usiwape insha nzima kwa mara moja. Kata pale tembo ametulia, anang'oa nyasi, anazikung'uta kwenye magoti yake na kuzila, na umati wote uko nyuma ya yule polisi. Kurasa zilizobaki ziache kwenye mfuko wako. Waandike wao angefanya nini. Kutakuwa na mmoja ambaye tayari ameimaliza kwenye simu na anatabasamu. Huyo mtume akalete chaki.